Mama Ncha na Shuka za Wodi ya Sita

Huyu tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 18 Februari 2023, ni mdogo wangu. Aliagiza mwenyewe kwamba maisha yake niyaandike mimi na niyasome mimi. Nimeandika kwa penseli siku tatu. Mchungaji aliomba anyooshe maneno kidogo, nikamwambia hayajapinda. Mwenye duka la kuchapa nilimwambia asiongeze wala asipunguze. Nasoma polepole. Atakayechoka kusimama akae.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 9 Juni 1955, asubuhi, mvua ikinyesha, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa baba yetu mwashi na mama yetu aliyekuwa anafua nguo za watu. Wa kwanza alikuwa kaka, ambaye baadaye alikuwa fundi saa. Wa pili mimi. Nilikuwa na miaka sita. Mkunga alinipa mtoto nimshike wakati anamshughulikia mama, akaniambia, "Usimwangushe." Siku ile sikumwangusha.

Januari 1963 alianza darasa la kwanza. Mtoto wa kike wa kusomeshwa alikuwa mmoja tu, na mama akasema aende mdogo, kwa kuwa mimi nilishazoea kazi za nyumbani. Nilimpeleka mpaka lango la shule, nikamkabidhi daftari lake, nikarudi kwenye beseni. Miaka saba nilikuwa naishia langoni. Wapo wanaosema hapo ndipo nilipoanza kumwonea kijicho. Inawezekana. Alimaliza darasa la saba mwaka 1969. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba ni mtoto mtulivu. Hakuwa mtulivu. Alikuwa anauma watu. Nina alama ya meno yake hapa kwenye mkono wa kushoto tangu mwaka 1966, tulipogombania kitana. Nalisema hili kwa sababu wengi mliosimama hapa mnadhani alizaliwa mpole, mkajisamehe nyinyi mliozaliwa na hasira. Hakuzaliwa hivyo. Alijifunza, na kujifunza kwenyewe kulichukua miaka, na mimi niliona.

Alibatizwa Jumapili tarehe 2 Aprili 1972. Alipotoka kwenye maji, jambo la kwanza aliloniambia ni hili: "Dada, nilidhani nitatoka humu sina hasira. Bado ninayo." Nikamwambia arudi wamzamishe tena. Alicheka mpaka mchungaji wa wakati ule akamkazia macho.

Jumatatu tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa hospitali, kwenye chumba cha kufulia. Alifanya kazi humo miaka arobaini na miezi minne. Kwa wasiokifahamu chumba kile, ni kirefu, sakafu yake ya saruji ina mifereji miwili, boila liko mwisho, na mvuke wake unaingia kwenye nywele hautoki. Shuka zinaletwa kwa mafurushi kutoka wodini. Kila shuka ina alama ya uzi mwekundu kwenye ncha moja, herufi ya W na namba ya wodi, ili ikishafuliwa irudi kwao. Alama hizo alikuwa anazishona yeye. Nami ndizo zilizonifundisha kusoma. Mwaka 1976 alikuwa ananiletea nyumbani vitambaa vilivyochanika, anaweka kidole changu kwenye uzi, anasema, "Hii W. Hii moja. Hii sita." Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Herufi ya kwanza kuijua maishani mwangu ni W. Aliponifundisha hakunicheka hata mara moja, na mimi kila somo nilimfokea.

Mwaka 1989 alifanywa msimamizi wa wafuaji kumi na wanne. Hapo ndipo alipopata jina la Mama Ncha. Shuka kubwa ya hospitali haikunjwi na mtu mmoja. Mnashika wawili, kila mtu ncha mbili, mnaivuta, mnaikung'uta, halafu mnatembea mpaka mnakutana, ncha kwa ncha, na mmoja anampa mwenzake. Mkivutana visivyo sawa, inakwenda upande, mnaanza upya. Basi wafuaji wawili wakigombana, alikuwa anawapanga kukunja pamoja. Sheria yake ilikuwa moja. Husemi kitu mkiwa mbali. Mkishafika ncha kwa ncha, kila mtu anasema sentensi moja, mkubwa anaanza. Halafu mnachukua shuka nyingine.

Yupo hapa mwenzake wa kazini tunayemwita Tarumbeta, na sauti yake mnaijua. Alinieleza habari ya mwaka 1991, alipogombana na mpiga pasi kwa sababu ya dawa ya kung'arisha iliyomwagwa. Wakapangwa. Walipokutana kwenye shuka ya kwanza Tarumbeta alisema, "Wewe ni mchafu." Mwenzake akasema, "Na wewe ni kengele." Shuka ya pili, "Umenimwagia dawa." "Uliacha kifuniko wazi." Tarumbeta anasema walikunja arobaini. "Nilipofika ya thelathini nikaona mwenzangu macho mekundu, nikamuuliza una nini, akasema mtoto wake hajala vizuri tangu juzi. Ile dawa nani alimwaga, mpaka leo sijui. Na mikono iliniuma wiki nzima."

Watu walimsifu kwa shuka. Shuka zilikuwa sehemu ndogo. Kila siku ya kazi alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, boila halijapata moto, anageuza ndoo ya bati, anaikalia, anaomba. Haikuwa sala ndefu. Alikuwa anamtaja mtu mmoja ambaye siku hiyo angekuwa mgumu kwake, na kuomba apewe masikio kabla ya kupewa mdomo. Nilimuuliza mara moja, zamani hizo tukiwa tunaongea, kwa nini anaomba juu ya ugomvi ambao haujatokea. Akasema, "Ukishatokea, Dada, naona giza tu. Siwezi hata kukumbuka jina langu. Kwa hiyo naomba wakati bado naona."

Wazee wa kanisa walimfuata mwaka 1996, ndugu wawili wamegombania mpaka wa ua, mmoja amevunja uzio wa mwenzake. Walimtaka aje awaombee. Akaenda. Mzee mmoja akasema, "Mama, tumefunga siku tatu na mambo yanazidi kuwa mabaya." Akawajibu, "Mmeanza juzi. Ugomvi wa leo ulitakiwa kuombewa mwaka juzi, wakati hawa wawili wanakula sahani moja." Hawakuipenda hiyo. Lakini alikaa na wale ndugu mpaka jioni, akasikiliza, na uzio ulirudishwa. Uliharibiwa tena mwaka 2001. Alirudi tena.

Jumamosi tarehe 4 Desemba 1976 alifunga ndoa na fundi wa boila wa hospitali hiyohiyo, shemeji yangu aliyekaa pale mbele kwenye kiti. Shemeji alikuwa anakuja kupima mvuke mara tano kwa siku wakati mvuke unapimwa mara moja. Walipata watoto watatu. Boila lilimchukua shemeji masikio, ndiyo maana huwa anasema hawakuwahi kugombana kwa kuwa hakumsikia. Walikuwa wanagombana. Mwaka wa kwanza wa ndoa marehemu alirudi nyumbani kwetu na sanduku lake, akakaa siku mbili. Siku ya tatu alichukua sanduku, mama akamuuliza, "Amekuja kukuomba radhi?" Akasema, "Hapana. Mimi nimemaliza kukasirika, nikikaa zaidi nitakuwa naigiza." Akaenda.

Sasa nafika mahali ambapo niliagizwa nifike.

Tarehe 11 Agosti 2008 mama yetu alilazwa wodi ya sita, hospitali ileile. Tuligawana zamu. Asubuhi kaka, mchana mimi, saa kumi marehemu akitoka kazini anakaa mpaka muda wa wageni unaisha. Alhamisi tarehe 21 Agosti kaka aliondoka saa sita nikaingia mimi. Mama alikuwa amelala. Nilikuwa na kikapu changu, nimekiweka miguuni mwake kitandani. Akaja nesi, msichana mdogo, akasema, "Mama, kikapu hakikai kitandani, weka chini." Nikamwambia, "Binti, nimezaa watu wakubwa kuliko wewe." Akasema, "Sawa mama, lakini kikapu weka chini." Hakuwa na ufidhuli. Nimelifikiria jambo hili miaka kumi na minne, hakuwa na ufidhuli. Nilichukua kikapu changu nikatoka. Nilisema nitarudi akishaondoka yule. Nikafika nyumbani, nikakaa na hasira zangu, sikurudi.

Mama alifariki saa tisa alasiri. Kitanda chake hakikuwa na mtu.

Marehemu alikuwa kwenye chumba cha kufulia. Hakuna aliyekwenda kumwita, kwa kuwa nesi alijua binti wa mgonjwa yuko zamu na labda ametoka kidogo. Saa kumi kasorobo liliingia furushi la wodi ya sita. Alilifungua mwenyewe. Ndani ya shuka alikuta kitambaa cha kichwa cha mama, kile cha maua ya bluu. Hivyo ndivyo alivyojua. Tarumbeta alikuwepo. Anasema hakupiga kelele. Aliitoa shuka ile pembeni, akaifua kwa mikono, akaianika, halafu ndipo akapanda wodini.

Jioni ile nyumbani kaka aliuliza mbele ya watu wote, "Nani alikuwa na mama?" Akaniangalia mimi. Nikasema, "Tulibadilishana. Mchana wa leo alikuwa huyu mdogo wetu. Si yuko humo humo hospitali."

Marehemu alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono yake bado ina mikunjo ya maji. Aliniangalia. Kisha akasema, "Mama hakuwa na mtu. Hilo ni kweli." Akanyamaza hapo.

Kaka hakumsalimia tena. Alikuwa anapita mbele yake kanisani kama anapita nguzo. Watoto wa marehemu walikuwa wakisikia kwamba mama yao alimwacha bibi yao afe peke yake hatua mia mbili kutoka alipokuwa anafua. Kaka alifariki Jumatatu tarehe 11 Mei 2015, hospitali hiyohiyo, bila kusema naye. Shuka aliyolalia siku hiyo ilitoka mikononi mwa mdogo wake. Kaka hakujua, wala hakujua kwamba zamu ile ilikuwa yangu. Hilo haliwezi kurekebishwa na wasifu.

Mimi nami niliacha kumsemesha. Mtu angedhani yeye ndiye angeacha. Lakini nilikuwa siwezi kumwangalia, na kwa kuwa siwezi kumwangalia nikatafuta sababu, na sababu zikapatikana. Nikasema anajifanya mtakatifu. Nikasema amesomeshwa kwa jasho langu. Nilikuwa nazo nyingi.

Kila tarehe 21 Agosti alikuja nyumbani kwangu. Alianza mwaka 2009. Anabisha, anasema, "Dada, nimekuja. Nakaa kidogo hapa nje." Sifungui. Anakaa kwenye ngazi ya mlangoni. Mlango wangu una nafasi chini, kwa hiyo nilikuwa namuona viatu. Miaka ya mwanzo vilikuwa viatu vyeupe vya kazini, baadaye vya kahawia. Hakuhubiri. Mara nyingine alinieleza habari za watoto, mara nyingine hakusema kitu. Baada ya muda anasema, "Haya Dada, baki salama." Mwaka 2014 nilimjibu. Nilisema, "Utachafua ngazi." Akasema, "Nimekalia gazeti."

Mara kumi na tatu alikuja. Mwaka 2022 nilikaa nyuma ya mlango tangu asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kutofungua. Saa sita ikapita, saa kumi ikapita. Hakuja. Siku ya pili nilimkuta Tarumbeta sokoni, nikamuuliza kwa mzunguko, akaniambia kwa sauti yake ile mpaka muuza nyanya akageuka: "Anaumwa tangu Mei! Mapafu! Wewe unaishi wapi?" Halafu akaniambia jambo jingine, kwa sauti ndogo, sikujua kama anayo. "Kwenye ndoo yake ile ya asubuhi, tangu mama yenu afe mpaka anastaafu, alikuwa anamtaja mtu mmoja tu. Dada. Dada. Nikadhani una ugonjwa usiopona."

Ilinichukua mpaka tarehe 3 Oktoba kwenda. Siku arobaini na mbili hizo sina cha kuzitetea.

Alikuwa amegunduliwa Mei 2022 kwamba mapafu yake yamekakamaa. Daktari alisema mvuke na dawa za miaka mingi. Alikuwa anatembea kutoka kitandani mpaka dirishani, anapumzika, anarudi. Mlango ulifunguliwa na mwanawe wa kwanza, mwalimu. Akasema, "Shikamoo, mama mkubwa." Nikasema, "Marahaba." Akasema, "Umepotea?" Nikasema, "Nimechelewa." Hakunikaribisha, ila hakuufunga mlango, nikapita.

Marehemu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mbele yake rundo la shuka zimetoka kuanuliwa. Sikujua nianze wapi. Akasema, "Dada, umekuja wakati mzuri. Peke yangu siwezi. Shika ncha."

Nikashika. Sikuwahi kukunja naye hata mara moja, nilikuwa nasikia habari zake tu. Ya kwanza ilikwenda upande kwa sababu nilivuta kwa nguvu. "Usinivute, mimi si mbuzi," akasema. Tukaanza upya. Tukafika ncha kwa ncha, uso wake huu hapa, umebaki macho. Akasema, "Mkubwa anaanza."

Nikasema, "Shuka hii nzito."

Alicheka mpaka akakohoa, mwalimu akaingia mbio na kuniangalia kama nimempiga. Yeye sentensi yake ilikuwa, "Kesho nyepesi." Nilikwenda Jumatatu zote. Jumatatu kumi na nane. Kila nilipofika ncha kwa ncha nilisema jambo jingine. Nilisema habari ya mvua, nilisema habari ya goti langu. Nilisema sabuni yenu haitoi povu. Yeye alisikiliza kila moja kama ndiyo aliyoingojea.

Jumatatu tarehe 6 Februari mwaka huu hakuweza kusimama. Alikunja akiwa ameketi, mimi nikatembea peke yangu kumfuata. Nilipofika nikasema, "Ilikuwa zamu yangu."

Hakushtuka. Akazipokea ncha kutoka mikononi mwangu, akazishika. Akasema, "Ndiyo, Dada."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Alivunja sheria yake, alisema sentensi nyingi, akipumzika katikati. Alisema, "Siku ile sikupata nafasi ya kuomba. Nilisimama kwa sala za zamani. Nilikuona, nikaona ukiongezewa neno moja tu utavunjika, na tulikuwa na mama wa kuzika. Siku ile ilikuwa upendo. Lakini kuendelea kunyamaza, hapo nilikosea. Mwaka wa tano haukuwa upendo tena, ulikuwa woga. Niliogopa nikisema nitakupoteza kabisa. Ningebisha mlango wako nikasema jambo lenyewe, si habari za watoto. Wafuaji niliwafundisha kusema. Mimi nilikalia gazeti." Halafu akasema, "Na wewe unisamehe."

Yaani mimi nimsamehe yeye. Nilikunja shuka iliyobaki peke yangu, vibaya.

Akaniuliza, "Watoto utawaambia?" Nikasema nitawaambia. Akasema, "Lini?" Nikasema nitawaambia. Aliniangalia, akanijua, maana ananijua tangu kitana. Akasema, "Basi wasifu wangu utasoma wewe."

Marehemu alifariki Jumapili tarehe 12 Februari 2023, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mumewe na watoto wake wote watatu wakiwa chumbani. Mimi pia nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chini ya dirisha tangu Ijumaa, na niliambiwa mara kadhaa nikapumzike, na sikuondoka. Alikuwa na miaka sitini na saba, miezi minane na siku tatu.

Watu wananiuliza kama nimelia. Sijalia. Mikono yangu inafanya kazi, miguu inafanya kazi, nakunywa chai. Ni kama mtu aliyekalia mguu ukafa ganzi, anajua uko pale, anaugusa, hausemi kitu.

Juzi Alhamisi asubuhi, kabla sijapeleka karatasi hizi kuchapwa, nilikwenda kwa mwanawe wa kwanza, mwalimu. Nilikwenda kwanza kwake, kwa sababu mama yake asingetaka alisikie hapa mbele ya watu. Alikuwa chumbani anatoa matandiko ya kitanda cha mama yake. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nikamwambia kikapu, nesi, nyumbani, na nilivyosema jioni ile. Nikamwambia jambo hili nililisema mbele ya watu, kwa hiyo nitalifuta mbele ya watu, ila kwanza lijue wewe.

Aliniangalia. Ana macho ya mama yake, ila yake yana makali. Akasema, "Mjomba alikufa hamsalimii mama."

Nikasema, "Ndiyo."

"Mimi mwenyewe nimewahi kumuuliza mama kwa nini alimwacha bibi. Nilikuwa mtu mzima, nafundisha tayari. Nilimuuliza huku namkaripia."

Nikasema, "Alikujibu nini?"

"Alisema bibi hakuwa na mtu, hilo ni kweli."

Sikuomba anisamehe palepale. Nilitaka kuomba, nikaona nitakuwa namwekea mzigo mwingine. Nikasema, "Nilikosea kwa mama yako, kwa mjomba wako na kwenu. Sina la kujitetea." Nikageuka niondoke. Akasema, "Mama mkubwa." Nikageuka. Alikuwa ameinua ile shuka ya kitandani, anaishika ncha mbili, na mbili nyingine amezirusha upande wangu, zimelala sakafuni.

Nikainama nikaziokota. Ilikwenda upande, alikuwa anavuta kwa nguvu zote. Tukaanza upya. Ilikwenda upande tena. Mara ya tatu tukafika ncha kwa ncha. Mkubwa nilikuwa nimeshasema yangu. Nikangoja yake. Alichukua ncha zangu, akaiweka shuka juu ya godoro, akatoka nje.

Sentensi yake hajaisema mpaka sasa ninaposoma. Yupo pale upande wa kushoto wa jeneza na simwangalii nisimharakishe. Achukue muda wake. Mama yake alinikalia mlangoni miaka kumi na mitatu, mimi naweza kungoja. Na kuanzia kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimeshapata ndoo ya kugeuza. Nina miaka sabini na tatu, ndio naanza darasa la kwanza la mambo hayo, na safari hii naingia ndani ya lango. Nimechelewa, najua. Wenye umri mdogo msisubiri mpaka mgombane. Nendeni nyumbani mkaombe mkiwa bado mnapendana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, mchungaji na washarika, na wafuaji wote wa hospitali, wa zamani na wa sasa, waliokuja leo na sare zao. Shuka nyeupe iliyofunika jeneza wameifua na kuipiga pasi wao. Kwenye ncha yake utaona W6 kwa uzi mwekundu. Ni ile aliyoifua kwa mikono siku ya mama. Alipostaafu walimpa aende nayo.

Marehemu ameacha mume, fundi wa boila. Ameacha watoto watatu: mwalimu, seremala na dereva wa lori. Ameacha wajukuu saba. Ameacha wafuaji wengi wanaokunja kwa sheria yake. Ameacha dada mmoja, ambaye ndiye mimi, na ambaye mchana wa tarehe 21 Agosti 2008 ndiye aliyekuwa zamu.

Mdogo wangu, nimewaambia. Sasa pumzika kwa amani.